Siku ya Thelathini ya Shaabani

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kidogo cha ualimu mjini Unguja, na nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ambayo kila mwaka ilitoka ya tano katika ligi ya vyuo. Mashindano ya ubingwa yalichukua timu nne za juu tu. Sisi tulikwenda kutazama, tumepangana ukutani, tukiwatoa wenzetu kasoro kama mawifi.

Nikishamaliza mtihani nilijua nitapelekwa shamba kusomesha, na huko hakukuwa na kiwanja cha kikapu. Ama nicheze mwaka ule, ama basi tena. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye kamati pamoja na manahodha wengine, nikajitia kimbelembele. Nikasema timu ziwe sita.

Nahodha wa mabingwa hakutaka hata kusikia. Alisema ubingwa ukifunguliwa kwa kila mtu utakuwa ngoma ya uwanjani, na timu dhaifu zitaaibishwa mbele ya watu. Nikamjibu kwamba aibu yetu ni yetu, atuachie wenyewe. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti, maalim wetu wa zamani wa hesabu, muda wote alikuwa akichora siku kwenye karatasi.

Shida ilikuwa siku. Kiwanja cha saruji kilikuwa kimoja na hakikuwa na taa, kwa hiyo baina ya alasiri na magharibi zilienea mechi mbili tu. Mitihani ilikwisha tarehe ishirini na saba Shaabani. Timu nne zingemaliza tarehe ishirini na tisa. Timu sita zilihitaji siku moja zaidi, na baada ya hapo ni Ramadhani, ambapo hakuna aliyethubutu kupendekeza mtu akimbie juani na saumu yake.

"Na mwezi ukiandama ishirini na tisa?" aliniuliza Maalim.

"Nshahesabu, Maalim. Rajabu ilikuwa pungufu. Shaabani itatimia."

Ndivyo watu wengi walivyokuwa wakihesabu mitaani: mwezi mmoja ukipungua, unaofuata hutimia thelathini. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyepanga miezi mwenyewe. Maalim akaandika thelathini kwenye karatasi yake, akakubali. Na wengine wakamfuata.

Siku ya kwanza tulishinda. Siku ya pili, tarehe ishirini na tisa, tulikutana na mabingwa katika nusu fainali, na Mungu anajua tulipata wapi pumzi zile. Tuliwafunga kwa kikapu kimoja. Niliona nahodha wao amekaa chini, taulo kichwani, na sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikaona haya. Fainali ilikuwa kesho.

Tulitoka kiwanjani tukiimba. Tulipofika ufukweni, watu walikuwa wamesimama wakiangalia magharibi. Nikaanza kumwomba Mungu mawingu. Kuuombea mwezi wa Ramadhani usionekane! Nililiona kosa langu hapo hapo, nikaomba msamaha, kisha nikaomba tena mawingu. Mbingu ilikuwa safi. Mzee mmoja akanyoosha kidole, na mimi niliyekuwa na macho mazuri kuliko yeye nikauona kabla hajamaliza kuonesha. Watu walipeana mikono, wakatakiana saumu njema. Na mimi nikapeana mikono. Ningefanya nini?

Fainali ikaahirishwa mpaka baada ya Idi. Katikati ya Ramadhani zikatoka barua za kazi. Wenzangu wawili walitakiwa Pemba mara moja, mmoja Tumbatu, na mimi nikaambiwa niwe shamba, Bwejuu, Idi ikimalizika. Nilikwenda ofisini kuomba wiki moja. Karani alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, akarudi kwenye makaratasi yake.

Idi pili nilikwenda kwa Maalim kumpa mkono. Alinikaribisha, akanipa kahawa, akaniambia kamati imeshakaa: timu zote mbili zimetawanywa na barua za kazi, fainali haitachezwa, kikombe kitabaki kwa mabingwa wa mwaka uliopita, wale tuliowatoa. Na mwakani timu zitarudi nne.

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Karani alikuwa akifanya kazi yake. Mwezi ulikuwa mwezi. Kama zingekuwa timu nne ubingwa ungekwisha salama, lakini ungekwisha bila sisi, nami nimekaa ukutani. Njia ya kuingia ilikuwa ile ile iliyotutoa, na aliyeifungua ni mimi.

Maalim aliweka kikombe chake chini.

"Ningelikataa siku ile, ningelikuonea," alisema. "Nikakubali, na nimekuonea vile vile. Mwanangu, sijui ningelifanya nini."

Alikuwa mtu aliyenifundisha kwamba kila hesabu ina jibu. Nilimtazama, nikaona kweli hajui.

"Naam, Maalim," nikasema, nikamalizia kahawa yangu.