Jiwe Juu ya Kifuniko

Nilikuwa na miaka tisa nilipofundishwa kumwogopa ndege, na aliyenifundisha alikuwa Susu, mama yake mama yangu. Tulikuwa Kitui, likizo ya Agosti, tumetoka asubuhi kwenda kumwona jamaa aliyekuwa mgonjwa. Kigogota akalia mahali fulani kwenye miti. Susu alisimama, akageuza kichwa polepole kutafuta sauti imetoka upande gani.

"Kushoto," akasema.

Tukarudi nyumbani. Tukaketi, tukanywa uji, kisha tukaondoka upya kana kwamba safari ya kwanza haikuwepo. Jioni tukirudi, ndege akalia tena, kushoto tena, nami nikashika gauni la Susu kwa mikono miwili. Akacheka.

"Sasa tunarudi. Kushoto kwa anayerudi ni kuzuri. Nyumbani kuna chakula."

"Lakini amesema maneno yale yale!"

"Ndege hasemi kitu, Mwende. Ndege analia tu. Wewe ndiye unayejua unatoka wapi na unaenda wapi."

Sijui kama wazee wote wa Ukambani walizihesabu pande kama Susu. Nimeuliza, nikapewa majibu yanayopingana, kwa hiyo naandika alivyohesabu yeye. Mama yangu, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, hakutaka hata kusikia habari hizo. Aliziita mambo ya giza, na Susu alipokuja kukaa nasi Kibera mwaka 2007 kutibiwa macho, sharti la kwanza lilikuwa kwamba ndege abaki Kitui.

Nayaandika haya kwa sababu ya karatasi moja. Mwaka jana mtoto wa mjomba wangu, kijana aliyesoma kuliko sisi sote, aliikuta ndani ya Biblia ya mama. Akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la familia, na chini yake akaandika: "Tusisahau walichotufanyia." Majibu yalifika kwa wingi, mengi yakiwa ya hasira. Sikujibu. Kijana hakuwa amekosea kusoma. Kila herufi aliisoma ilivyo. Hata mimi, siku ile ya kwanza, niliisoma vivyo hivyo.

Tulikuwa tukiishi Laini Saba, hapo hapo Kibera, chumba kimoja, mimi na mama na Susu. Baba alikuwa kazini Mombasa, na baada ya uchaguzi wa Desemba ghasia zilizuka, barabara zikafungwa, akakwama huko. Mlango wetu ulitazamana na wa Mama Atieno, aliyekaanga samaki na kuuza hapo hapo nje. Yeye na Susu hawakuwa na lugha ya pamoja. Susu alijua Kikamba na Kiswahili cha kuombea chumvi; Mama Atieno alijua Kijaluo na Kiswahili cha Nairobi. Hata hivyo sahani zilivuka kila siku, omena, dagaa wa ziwani, zikija kwetu, muthokoi zikienda kwake.

Susu alipika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, kwenye jiko la makaa nje ya mlango. Zikiiva aliziacha hapo zipoe, juu ya kifuniko akiweka jiwe ili paka wasifunue. Jiwe lenyewe alilitoa Kitui. Lilikuwa jeusi, bapa upande mmoja na la mviringo upande mwingine, na mama hakumsamehe kwa kulibeba ndani ya kiondo, kwenye basi, hadi Nairobi.

"Shosho, kwani Nairobi hakuna mawe?" Mama Atieno alizoea kumtania. "Siku moja hiyo kitu itatoboa sufuria!"

Susu hakuelewa maneno, lakini alicheka. Kila mara aliliweka upande bapa ukiwa chini, na Mama Atieno alimwona akiliweka hivyo kwa miezi mitano.

Januari ilipofika, vicheko vilikwisha. Soko la Toi lilikuwa limeungua, na kibanda cha mama cha nguo za watoto kiliungua nalo. Mwanzoni sisi Wakamba hatukuhesabiwa upande wowote. Kisha redio ikatangaza uteuzi wa mtu wa kwetu serikalini, na asubuhi iliyofuata tukajikuta tuna upande bila kuuchagua. Mama Atieno aliacha kutusalimia. Siku moja kwenye foleni ya maji, mbele ya vijana waliokuwa wakiulinda mfereji, alimwuliza mama kwa sauti kubwa:

"Mama Mwende, nyinyi bado mko hapa? Mnangojea nini?"

Mama alirudi na mtungi nusu, akalia. "Hata yeye," alisema. "Hata yeye ameshakuwa wao."

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, nilitoka nje kuleta sufuria. Chini ya jiwe kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daftari la hisabati, lenye miraba. Nilikuwa darasa la sita, na shuleni mimi ndiye niliyesomeshwa mbele ya wageni. Nikaisoma nikiwa nimesimama, nikaingia ndani na sufuria, nikaisoma karatasi tena kwa sauti.

NYINYI WAKAMBA TOKENI LEO KABLA YA SAA KUMI. MSIPITE RELI. MKIKAA MTAJUA.

Mama alitia komeo. Mikono yake ilianza kukusanya vitu kabla hajasema neno. Tungekwenda Kawangware kwa mjomba Kioko. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa njia. Njia yetu ya kila siku ilikuwa kufuata reli hadi kituo cha Olympic, kisha kutokea barabara ya Ngong. Njia nyingine ilikuwa kupanda juu kupitia Toi, ambako kulikuwa na polisi, moshi wa machozi na majivu.

"Tunapita relini," mama akasema. "Wanaotuchukia wanatuambia tusipite reli. Kwa nini? Ili tupande juu, ambako wanatungoja. Mtu hawezi kukutisha halafu akakuonyesha njia nzuri."

Sikuona kasoro katika hoja hiyo, na hata leo sioni, ikiwa karatasi ndiyo kitu pekee ulicho nacho.

Susu alikuwa ameketi kitandani, macho yake yenye ukungu yakielekea mlangoni. Yeye na mama walizungumza Kikamba. Nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoyakumbuka.

"Mwende, umeitoa wapi?"

"Chini ya jiwe lako, Susu."

"Jiwe lilikuwa juu ya kifuniko?"

"Ndiyo."

"Upande bapa ulikuwa juu au chini?"

Ilinibidi nifikiri. "Chini."

"Mwaitu!" Mama alipomwita mama yake hivyo kwa sauti ile, ugomvi ulikuwa karibu. "Hii si ndege. Ni barua, imeandikwa. Mtoto ameisoma mara mbili."

"Nimemsikia. Amesoma vizuri sana," Susu akasema. "Sasa nauliza ilikuwa upande gani."

Mama akaketi kwenye furushi la nguo, akashika kichwa. Susu aliendelea kuniuliza kwa utulivu ule ule wa kwenye miti ya Kitui. Fundi Mutiso, seremala wa mstari wa nyuma, Mkamba mwenzetu, naye si aliletewa karatasi? Ndiyo, niliiona asubuhi. Iliwekwa wapi? Mlangoni, kwa misumari, kila mpitaji aione. Ilisema nini? Ilisema tokeni. Haikutaja saa? Haikutaja. Haikutaja njia? Hapana.

"Kwa hiyo yule wa Mutiso alitaka watu wote waione," Susu akasema. "Huyu wetu alitaka aione mpishi peke yake. Ameinua jiwe, ameweka karatasi, amerudisha jiwe linavyokaa. Mtu amekuja kutufukuza, halafu amefunika chakula chetu paka wasile?"

Nje nilisikia samaki wakikaangika mafutani.

"Kama ni rafiki," nikauliza, "si angeandika vizuri?"

"Akishikwa nayo mkononi?" Susu akasema.

Mpaka leo nikilikumbuka swali hilo naona vile mama alivyoinua uso. Alisimama, akafunua sufuria, akazitazama muthokoi kwa muda, nzima, hazijaguswa. Nadhani alikuwa akisikia upya maneno ya kwenye foleni ya maji, na safari hii aliwaona na wale vijana waliokuwa wakisikiliza.

"Tunapanda juu," akasema. Kisha, kwa sababu alikuwa mama yangu: "Lakini si kwa ajili ya ndege."

Tulitoka kabla ya saa tisa. Mama alibeba godoro na begi, mimi nikabeba vitabu na blanketi, Susu kiondo chake. Sufuria ilibaki, ilikuwa nzito na ya moto. Mama Atieno alikuwa kwenye jiko lake, ametupa mgongo. Hakugeuka. Nilipompita niliona kikaangio hakina samaki hata mmoja. Alikuwa akigeuza mafuta matupu na kijiko.

Toi ilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Polisi mmoja alitusimamisha, akamtazama Susu, akatazama godoro.

"Mnampeleka wapi shosho?"

"Kawangware, kwa mwanawe."

"Haya, chap chap. Msisimame."

Tulipofika barabara ya Ngong, mama, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alimwuliza Susu, "Na ndege wako je, leo yuko wapi?"

"Moshi umemfukuza," Susu akajibu. "Ndiyo maana imekuja karatasi."

Mama alicheka mpaka akaweka godoro chini.

Jioni tulikuwa kwa mjomba. Mwenye ploti aliyopanga mjomba, mzee wa ukoo wa wenyeji wa Kawangware, alitufungulia geti mwenyewe na hakuuliza sisi ni kina nani. Siku ya tatu akafika Fundi Mutiso, mkono umefungwa kwa kitambaa, bila sanduku lake la vyombo. Alikuwa amepita relini, siku ile ile, muda mfupi baada ya saa kumi. Alisimulia kwa maneno machache, na Susu akamlisha kwa mkono wake kama mtoto.

Tulirudi Laini Saba mara moja tu, mvua ndefu zilipoanza, kutafuta kilichobaki. Chumbani kulikuwa na watu wengine na hakikubaki kitu. Tulikuwa tukigeuka kuondoka Mama Atieno alipotoka mlangoni mwake na sufuria yetu. Alikuwa ameisugua mpaka inang'aa. Ndani yake kulikuwa na jiwe.

"Shosho," akasema, "jiwe yako hii. Ilikataa kutoboa."

Susu alilipokea, akalipapasa, akageuza upande bapa. Kisha akatafuta Kiswahili chake chote.

"Wewe nafunika muzuri," akamwambia.

Mama Atieno alianza kucheka, kisha akajifuta uso kwa leso na kuingia ndani haraka. Karatasi haikutajwa. Hakukiri, nasi hatukumwuliza, kwa hiyo mtu akidai ushahidi, sina zaidi ya sufuria safi. Alihama baadaye, na tulipomtafuta hatukumpata.

Susu amelala Kitui sasa. Nimesoma hadi kidato cha nne, si mbali sana, na nimekutana na watu wengi wanaojua kusoma. Sijakutana na msomaji kama yule mwanamke asiyejua herufi, ambaye kabla ya kuuliza karatasi inasema nini aliuliza ilikuwa wapi, imefunikwa vipi, na aliyeileta angepatwa na nini. Nilimstahi akiwa hai. Ninavyozidi kukua namstahi zaidi.

Mwezi uliopita nilimwomba mama anipe karatasi ile. Nilimwita na yule kijana wa mjomba, nikampikia muthokoi, nikamsimulia yote bila kumkaripia. Akauliza jina kamili la Mama Atieno ni lipi. Hakuna mtu kwetu anayelijua. Aliona aibu kwa niaba yetu, nami nikaona aibu pamoja naye. Usiku huo aliandika upya kwenye kundi la familia, maneno marefu kuliko yale ya kwanza.

Karatasi haikurudi kwenye Biblia. Iko kwangu, juu ya kabati, chini ya jiwe la Susu, upande bapa ukiwa chini. Anayetaka kuisoma hazuiliwi, lakini lazima kwanza aliinue jiwe.