Nondo Arobaini na Mmoja

Bi Hatsue Kuwashima amehesabu nondo wa shule yetu ya kilimo kwa miaka thelathini na minne. Kila alfajiri huenda kwenye taa inayowaka usiku kucha kando ya jaruba, akaopoa wadudu kwenye beseni la maji lililo chini yake, akawatenga kwa kibano na kuandika idadi daftarini. Nondo hao ndio wanaozaa funza wa kutoboa mpunga, na bonde zima hupulizia dawa kwa kuzitazama hesabu zake. Akikosea hafuti. Hupiga mstari mwekundu, akagonga muhuri wake, na kosa linabaki likisomeka.

Mimi ni mwalimu wa udongo, na habari za mizimu hunichefua. Mwaka jana hifadhi ya nyaraka ya mkoa iliomba madaftari yetu ya zamani, nikapewa kuyakagua. Tarehe 14 Agosti, arobaini na mmoja. Mwaka uliofuata, arobaini na mmoja. Hivyo hivyo kwa miaka ishirini na moja. Damu ikanipanda.

"Bi Hatsue, unatupikia hesabu?"

"Nimepika moja tu, Mwalimu. Ile ya kwanza. Siku moja kabla yake tulikuwa tumeuchoma mwili wa Eikichi, mume wangu, kwa mazishi. Sikwenda kwenye taa, nikaandika umri wake."

"Na hizo nyingine?"

"Njoo ujionee."

Kwa imani ya kwetu, katikati ya Agosti ndipo roho za marehemu wetu hurudi nyumbani. Asubuhi ya tarehe 14 nilihesabu mwenyewe. Arobaini na mmoja. Nikarudia. Hata vyura wa jaruba walikuwa kimya. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Haya, baba watoto," Bi Hatsue akaliambia beseni, "leo umepata mgeni."

Madaftari yalikuwa yaondoke mwisho wa mwezi. Watafiti watayasoma miaka mia, alisema, na uongo wake utakuwa humo. "Lakini nikiusahihisha, atakuja tena?"

"Uache," nikasema, mimi niliye mkali wa takwimu. "Namba moja haimuui mtu."

"Wewe! Wanafunzi wako wakikusikia je?"

Akapiga mstari mwekundu juu ya ile ya kwanza, akaandika *sikuhesabu*, akagonga muhuri.

Mwaka huu, tarehe ileile, alinipigia simu alfajiri. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya beseni.

"Hesabu wewe. Macho yangu siyaamini."

Nikahesabu. Alikuwa akinitazama mdomoni. Ile namba aliyoitaka ilinifika kwenye ulimi, na Mungu anajua nilitaka kumpa.

"Sitini na wanane," nikasema.

"Rudia."

"Nimerudia, dada. Sitini na wanane."

Akafungua daftari jipya, akaandika sitini na wanane kwa mwandiko wake ulionyooka, akasubiri wino ukauke. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari za msiba asubuhi ile.