Sikio la Bure

Lucienne alipoteza masikio yake kwa homa ya kichwa, mwaka ule alipohama Mahagi na mume wake kuja Bunia. Alilazwa hospitali akiwa bado anasikia vilio vya wagonjwa wenzake, na siku alipopata nafuu akaona midomo ya watu inachezacheza bila sauti. Alidhani wanamfanyia mzaha. Tangu hapo hakusikia tena radi, wala kengele ya misa, wala risasi. Majirani wa mtaa wa Rwambuzi walisema hilo la risasi ni baraka. Yeye hakuliona hivyo, maana watu walipokimbia, ndiye aliyekuwa hajui hatari inatoka upande gani.

Aliuza samaki wakavu wa ziwa. Sokoni alikaa ubavuni mwa Débora, muuza maharagwe. Wateja walimwonyesha bei kwa vidole, na neno lililokuwa gumu Débora alimrudia polepole, uso kwa uso, hadi Lucienne akalisoma midomoni. Yeye mwenyewe bado alisema, ila sauti ilikuwa imemponyoka. Mara ilipanda kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, mara ilizama watu wasimpate.

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Louis, mume wake, alikuwa mwashi, tena mtu wa maneno. Zamani akitoka kazini alikuja na mji mzima mezani: nani ameanguka na pikipiki, nani amegombana na shemeji yake, ukuta gani umepinda na fundi gani anaukana. Baada ya ugonjwa alijitahidi sana. Alikaa mbele ya mke wake penye mwanga, akatamka neno moja moja. Mazungumzo ya namna hiyo yanachosha kama kupandisha maji mlimani, na kadiri miaka ilivyokwenda yalipungua, hadi yakabaki "kula", "lala", "mvua". Lucienne hakumlaumu. Alikula, akalala, akaanua nguo.

Basi jioni moja Louis aliingia ameshika telefone, macho yamemchangamka. Akamkalisha mkewe karibu na mlango na kumwonyesha tangazo. Lilikuwa na picha ya mzee mwenye mvi anayelia kwa furaha, kidole kikigusa kifaa kidogo sikioni. Aparei ya kusikia, bure kabisa, lilisema. Andika jina lako, lipa usafiri tu.

"Ya bure haiko, Louis," Lucienne alisema.

Alikuwa na sababu. Débora aliwahi kuahidiwa telefone mpya kama angetuma ujumbe fulani kwa kila anayemjua. Alituma hadi kwa pasta wake. Telefone haikuonekana, na watu asiowajua wakamsumbua mpaka akabadili namba.

"Ile ilikuwa telefone," midomo ya Louis ikajibu. "Hii ni mambo ya munganga wa hospitali. Weye unaona watu wanaweza kuchezea masikio ya mugonjwa?"

"Wanaweza."

Hata hivyo hakumzuia. Louis alikaa naye pale mlangoni hadi chakula kikapoa, akimweleza namna kitu kile kinavyofanya kazi, na namna watakavyokwenda misa ya Pasaka, na jinsi atakavyomsimulia tena habari za kazini bila kumkodolea macho. Ilikuwa miaka hajamwona akisema hivyo. Lucienne alijiambia kwamba kama jioni ile inanunuliwa kwa hela ya usafiri, na iende.

Waashi wenzake walimcheka Louis. Walimwambia koli hiyo, mzigo aliolipia, ataipokea mbinguni. Lakini koli ilikuja. Ilipitia Uganda, ikaletwa na basi la Mahagi, na Louis akaichukua kwenye ajansi ya basi na kukimbia nayo nyumbani akiwa bado na simenti mikononi.

Ndani ya boksi mlikuwa na kitu cha plastiki, mfano wa punje ya haragwe, na betri yake. Louis alikipachika sikioni mwa mkewe. Lucienne alisubiri. Alihisi mtikisiko mwembamba ndani ya mfupa, kama inzi aliyefungiwa kwenye chupa, basi. Louis alisimama mbele yake, anamwangalia kama mtoto anayesubiri zawadi.

"Unanisikia?"

Alikuwa amesoma midomo. Angeweza kusema hivyo.

"Ndiyo," alisema. "Kidogo."

Louis akafunika uso kwa viganja vyake.

Siku zilizofuata wale wenye tangazo waliandika kwamba sikio la pili nalo ni bure, mradi tu mama atume video ya shukrani. Louis akamsimamisha kando ya ukuta, akamfunga kitambaa chake cha misa. Lucienne alitazama telefone na kusema alichoambiwa: "Naitwa Lucienne, wa Bunia. Nilikuwa sisikii. Sasa nasikia. Asanteni."

Sikio la pili halikuja. Uso wake ndio uliokwenda. Ulipita katika telefone za Rwambuzi, ukafika mtaa wa Lumumba, ukashuka ziwani, ukapanda Mahagi. Na kwa kuwa mji ulimjua, watu waliutuma zaidi wakisema: huyu si wa picha za kutunga, huyu ni Mama Lucienne wa samaki. Sokoni wateja waliacha kuonyesha vidole. Walimsemesha kwa haraka, wengine wakiwa nyuma yake, na asipojibu walikunja uso na kwenda kwa wengine. Débora alimweleza wanachosema, kwamba tangu apone amekuwa na majivuno.

"Na weye unasikia kweli?" Débora aliuliza.

Lucienne alipanga samaki wake upya, wala hawakuwa wamepangika vibaya.

Asubuhi moja mwanamke mgeni alikuja na msichana mdogo mgongoni, mkubwa kiasi cha kutembea mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya samaki na kuanza kusema, kichwa chini, machozi yakidondoka. Alisema kwa muda mrefu. Lucienne hakupata hata neno moja, maana hakuuona mdomo wake. Alichoona ni yule msichana, aliyeshushwa chini, akikazia macho midomo ya kila apitaye. Lucienne aliyajua macho hayo. Ni yake mwenyewe.

Akamgeukia Débora. Débora akamrudia taratibu. "Anaitwa Véronique. Anatoka Mahagi. Mutoto ni Vicky, hasikii tangu azaliwe. Aliuza mbuzi zake, akatuma hela ya usafiri. Walimwomba tena, akatuma tena. Hakuna kitu. Anasema, weye walikupa, basi umwonyeshe mulango walipo."

Véronique alikuwa ameinua telefone. Ndani yake Lucienne alijiona na kitambaa chake cha misa, akitabasamu.

"Mama," alisema, bila kujua sauti yake imetoka vipi, "miye sisikii. Sikusikia hata siku ile. Ile kitu ni plastiki tu."

Watu waligeuka, bila shaka alikuwa amepaza sauti. Véronique alimtazama, akatazama telefone, akamtazama tena. Hakutukana. Alimwinua mtoto, akauliza sababu, na safari hii midomo yake ilikuwa wazi.

"Juu ya nini?"

Lucienne aliinamia samaki wake na kuanza kuwapanga tena. Véronique akaondoka.

Jioni alimwambia Louis yote. Louis alisikiliza akiwa ameinamia viatu vyake, kisha akainua uso ili asomeke.

"Nilijua," alisema. "Siku ya pili niliangusha sufuria nyuma yako. Haukugeuka."

"Ukanyamaza?"

"Weye ulikuwa unacheka. Nikasema labda sikio la pili litakuwa la kweli."

Waliwaandikia wale watu wauondoe uso wake. Hakuna aliyejibu. Walipiga video nyingine, Lucienne akisema ukweli, lakini hiyo haikutembea; waliotuma ile ya kwanza waliona haya kutuma ya pili, na mmoja aliandika kwamba mama anataka wengine wasipate. Baadaye Débora aliona uso uleule umepewa jina la mama wa nchi nyingine.

Nyumbani Louis alirudi kwenye maneno yake machache. Sokoni, kila gari la samaki lilipofika, Lucienne aliwauliza wachuuzi wa Mahagi kama wanamjua Véronique mwenye binti asiyesikia. Alitaka mama huyo amlete binti kwake, walau yeye amfundishe kusoma midomo. Wachuuzi walishusha mizigo yao, wakatikisa vichwa.