Waya Juu ya Bati la Stoo

Dada yangu aliuawa na watu watatu. Nitawataja kwa kazi zao, majina wanayo wenyewe.

Miaka ile hakukuwa na sukari, sabuni wala dizeli. Dada alikuwa amelazwa Arusha akisubiri upasuaji. Muuguzi alituahidi kwamba daktari akipanga siku, atapiga simu nyumbani kwa meneja wa duka la ushirika, jirani yetu hapa Bagara, nasi ndugu twende kutoa damu. Bila damu ya ndugu hawapasui. Dereva wa lori la ushirika alikubali kutubeba, ila alisema hasogei mpaka simu iite, maana dizeli aliyokuwa nayo ni ya safari moja.

Basi nikawa nashinda kibarazani kwa meneja. Simu haikuita. Nikaomba niijaribu. Nikazungusha mpini wa simu, nikaweka kipokeo sikioni. Kimya, kama nimeweka kiatu.

"Imekufa, Meneja."

"Haijafa. Hakuna anayekutafuta."

Nikaenda posta kumwita fundi. Alifungua kisanduku, akabadilisha betri. Kimya. Akakwangua kutu kwenye skrubu. Kimya. Akachimbua waya unaoingia ardhini, akaumwagia maji, akaniambia niufukie. Kimya vilevile.

"Ndani hakuna shida," akasema. "Ugonjwa uko nje."

Tukarudi posta, tukaanza kufuata nguzo. Kila nguzo anapanda, anaunganisha simu yake ndogo, anaongea na opereta, anashuka. Zote nzima, mpaka ya mwisho, nyuma ya nyumba ya meneja. Hapo waya ulipita juu ya stoo mpya. Meneja aliijenga haraka haraka wakati walanguzi wanakamatwa na watu wanafukia bidhaa mashambani, akaipandisha mpaka waya ukalala juu ya bati. Sauti yote ilikuwa inaishia hapo. Na kati ya bati na ukuta palikuwa na uwazi wa kupitisha kichwa.

"Nipande niuinue," fundi akasema. "Kazi ndogo."

"Hakuna kupanda," meneja akasema. "Bati jipya hilo."

"Nitakanyaga kwenye misumari, Meneja."

"Umekuja kutafuta waya au kuchungulia mali za watu?"

Nikaingilia. "Meneja, dada yangu anasubiri damu."

"Dada yako yuko Arusha, kijana. Hayuko kwenye stoo yangu."

Wakaingia ndani wawili. Fundi alitoka ameficha mfuko wa kaki chini ya koti, akaniambia laini inahitaji vifaa kutoka Dodoma. Mfuko ulikuwa na tundu. Alidondosha chembe nyeupe mpaka barabarani, na sisimizi wakaanza kazi kabla hajafika kona.

Nikatafuta mti mrefu niuinue ule waya mwenyewe. Meneja akaita mgambo, nikawekwa ndani kwa kujaribu kuvunja stoo.

Simu ilipigwa nikiwa humo. Opereta wa posta alimjibu muuguzi kwamba laini ni mbovu, ajaribu kesho. Kutoka posta hadi kwetu ni mwendo wa kumaliza sigara, na opereta alijua tunachosubiri, maana fundi alimweleza kwenye kila nguzo. Alikuwa anakunywa chai, baadaye alisema. Ya chumvi, kama sisi wote.

Dada alirudi kwa gari la misheni, amefunikwa shuka.

Kwenye msiba meneja alikuja amebeba mfuko wa sukari mbele ya watu. Mama, ambaye hakujua habari ya stoo, alimshika mikono yote miwili. "Mungu akuzidishie, baba."

Meneja akaja kukaa karibu yangu. Akaniambia taratibu kwamba fundi amepanda, waya umeinuliwa, simu inasikika vizuri kabisa mpaka Arusha. Stoo sasa ni tupu. Nikiwa na shida nisione haya, niende tu kupiga.

Nikapewa kikombe. Chai ilikuwa tamu. Nilikunywa yote, nikaomba nyingine.