Sista Eugenia Esinam, Aliyefunga Pamoja na Wagonjwa wa Ini

Alizaliwa Kpando, nchini Ghana, tarehe 14 Mei 1949, binti wa katekista Linus Kpodo na mkewe Akuvi, mfinyanzi wa vyungu. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani. Wakubwa wake walipoona hatishwi na damu wakampeleka Accra kusomea udaktari, kisha upasuaji, naye mwaka 1984 akarudi kutumikia hospitali ya shirika lake karibu na mji wa Ho.

Jaribu lake kubwa lilimfika mwaka 1991, alipompasua mwalimu mmoja mwenye saratani ya ini. Uvimbe ulitoka wote, akapongezwa. Lakini ini lile lilikuwa limejaa mafuta. Lilivuja damu nyingi, na kipande kilichobaki kikashindwa kazi. Mwalimu akageuka manjano, tumbo likajaa maji, akafa. Sista alikaa kanisani muda mrefu. Alipoinuka alirudi kwenye vitabu vyake, akasoma kwamba chakula kidogo hupunguza mafuta ya ini.

Miaka miwili baadaye akaletwa Bonifas Dotse, mfumaji wa vitambaa vya kente kutoka Agbozume. Picha ilionyesha uvimbe, na ini zima liking'aa kwa mafuta. Daktari mkuu alitaka apasuliwe wiki ile ile. Sista akaomba wiki tatu za chakula kidogo, bila pombe wala mafuta, ini lipungue mafuta kwanza. Dela, mke wa mgonjwa, akamfuata uani.

“Sista, unamshindisha njaa mume wangu, na huku hilo dude linakua. Akifa je?”

“Linaweza kukua, dada yangu, sikufichi. Lakini tukikata leo, ini litakalobaki halitambeba. Nimeshamzika mtu hivyo.”

“Haya, wewe nenda kale ugali wako wa akple ushibe.”

Tangu jioni ile Sista alikula alichokula mgonjwa: mboga na samaki wa kuchemsha, basi. Siku moja Bonifas alinyata kwenda kununua nguruwe wa kuchoma, akamkuta Sista mlangoni amekonda kuliko yeye. Akarudi kitandani akicheka, akisema mtawa huyu atamtangulia kaburini.

Alipopasuliwa, damu ilitoka ila ikazuilika. Macho yalikuwa manjano kwa siku kadhaa, hofu ikatanda wodini, kisha yakatakata. Aliishi miaka kumi na mmoja ndipo saratani ikarudi.

Waamini walivumisha kwamba Sista aligusa ini kwa rozari likaacha kuvuja. Yeye alikana: “Msinizulie. Mtu alikubali njaa, mafuta yakapungua.” Wala si wote waliopona. Mgonjwa mmoja uvimbe ulimwahi angali anafunga. Sista alikwenda kwao, akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu.

Alifariki kwa kiharusi tarehe 9 Novemba 2011. Dela, wakati huo mjane, aliwaomba watawa ruhusa ya kumwosha, akapewa.

Ndugu wapendwa, tumwige. Anayempa mgonjwa sharti gumu na aketi naye, ale kilicho kwenye sahani yake.