Jicho la Lenzi Mia Nne

Karakanani walimwita Mama Nzi, naye aliitika bila kinyongo. Nani mwingine angekaa miaka mitatu akichungulia macho ya nzi kwenye hadubini, halafu arudi nyumbani akiimba? Kazi yake ilikuwa kuliiga jicho hilo: lenzi mia nne, ndogo kuliko punje za mtama, zikae juu ya kuba la mpira laini na kuona chumba kizima bila kugeuzwa.

Lenzi alizitengeneza juu ya mpira ulio bapa, kisha akaupuliza kwa pampu mpaka uvimbe. Kila mara picha ilitoka na doa jeusi katikati. Mhandisi mkuu, mtu mwema ila hana subira, alikwishamwambia: doa likitokea tena, kazi inapewa mashine, naye arudi kutengeneza miwani. Maneno hayo yalimkata maini.

Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyemtoa tongotongo.

"Mke wangu, suruali hulegea magotini kwa sababu ndipo inapovutwa. Mpira wako unavutwa wapi zaidi?"

"Katikati."

"Basi ndipo lenzi zinapoachana na kuacha pengo. Zibanane hapo kabla hujapuliza. Hilo hata mimi wa sindano na uzi nalijua!"

Mama Nzi alicheka, akamwita mjuaji, na kesho yake akaanza upya. Katikati alizibananisha lenzi, pembeni akaziachanisha.

Siku ya jaribio jicho lilifungwa ukutani. Kwa kuwa linaona kila upande, desturi yao ilikuwa wote kujificha chini ya meza wasiingie kwenye picha. Mhandisi alikiingiza kitambi chake kwa taabu.

"Haya, piga!" akaamuru kutoka huko chini.

Mama Nzi akabonyeza swichi. Kwenye skrini ukatokea mlango, dirisha, makabati, chumba chote. Doa halikuwepo. Furaha ilimjaa.

"Aa, dada, umetuharibia!" Mhandisi alikuwa akijikung'uta vumbi. "Umesahau kujificha. Ona, umesimama katikati kabisa. Futa, tupige nyingine ya kuwatumia wakubwa."

Mama Nzi alijitazama pale palipokuwa peusi miaka yote mitatu: koti la kazi, swichi mkononi, meno yote nje.

"Usiifute, bosi. Tuma hiyohiyo."

Mhandisi aliitazama tena, akatabasamu, akaituma.