Mashine ya Kumi na Moja

Jirani yangu wa ghorofa ya juu hukusanya mashine ndogo za zamani za kukaushia nguo, zile zisizotengenezwa tena. Akipata moja huipandisha ngazi begani, kisha huzungusha pipa lake kwa kidole kimoja, macho kayafumba, akisikiliza. Leo, siku ya tano ya mvua, nilimsaidia shingo upande kuingiza ya kumi na moja. Sebuleni nguo mbichi zilikuwa zimeanikwa kwenye viti vyote.

"Washa hata moja, baba," mkewe alisema, kama mtu aliyekwisha kuchoka kuomba.

"Itaungua, mama. Spea zake hazipatikani popote."

Akaangaza huku na huku, akitafuta kitambaa kikavu cha kuifutia mashine maji ya mvua. Hakikuwepo. Mkewe akashusha pumzi, akafungua kilemba chake, akampa.